Pensheni ya marehemu kutoka Marekani na ritani ya kodi: maswali tunayoulizwa kila siku hapa Dar

Kuanzia mwezi wa pili mpaka wa sita simu yangu haipumui. Wamama wa Sinza, wamama wa Mbagala, vijana waliotumwa na mama zao, wote wana bahasha kutoka Marekani na wote wanaanza na "samahani mwanangu, hebu niangalizie hili karatasi". Mimi ni mtunza hesabu wa kawaida tu, ila shangazi yangu alipofiwa na mumewe ikabidi nijifunze hii ishu kwa nguvu, na habari ikatembea kwenye vikoba na misibani mpaka nikawa nimeajiriwa bila mshahara. Nimechoka kutuma voisi za dakika saba saba, kwahiyo maswali yote yako hapa. Haya ni kwa wale ambao marehemu wao alifanya kazi Marekani na sasa hivi wao ndio wanapokea.

Hela ni ya marehemu, yeye ndiye alifanya kazi. Kwanini kodi inanifuata mimi?

Kwasababu pensheni ya marehemu mwenyewe iliisha siku aliyofariki. Kila shilingi, yaani kila dola, inayolipwa baada ya hapo ni mapato ya anayeipokea. Ukiangalia fomu vizuri utaona jina lako wewe na namba yako wewe ya Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani), sio yake. Wapo wanaoendelea kujaza ritani kwa jina la marehemu miaka na miaka wakidhani ni heshima kwake. Acha. Kama fomu ya malipo ya baada ya kifo bado imekuja na namba ya marehemu, andikia mfuko wakutumie iliyorekebishwa, maana IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, wanalinganisha namba kwa kompyuta, hawajui msiba wako.

Nakaa Temeke, Marekani sijakanyaga mwaka wa tisa huu. Bado nijaze?

Kama wewe ni raia wa Marekani au bado una grini kadi, ndio. Marekani inamtoza raia wake popote alipo, awe Temeke awe Tandahimba. Kama sio raia na huna grini kadi, shuka chini kuna swali lako, usisome majibu haya mengine ukajichanganya.

Nimepata fomu 1099-R. Namba ni nyingi, niangalie ipi?

Hiyo ni karatasi ya mfuko inayoonyesha pensheni uliyolipwa mwaka huo. Weka mezani, vaa miwani, tuende taratibu. Boksi 1 ni jumla yote waliyokulipa mwaka mzima kabla ya makato. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia, na sio ile uliyoiona benki, kwasababu kabla haijafika benki imeshakatwa bima, imeshakatwa kodi ya zuio, na benki zetu nazo zimechukua chao. Nimeona mtu amekaa na stetimenti ya benki ya Dar anajumlisha shilingi za miezi 12 halafu anazigawa kurudi dola. Kazi yote ile ya nini na namba iko kwenye boksi 1, imeandikwa kwa dola.

Boksi 2a ni kiasi kinachotozwa kodi. Boksi 4 ni kodi ya zuio ambayo tayari wamekukata, hii ipende, ni hela yako. Boksi 5 inaweza kuwa ni sehemu ya michango ya marehemu inayorudi mwaka huo au malipo ya bima. Boksi 7 ni alama ya aina ya malipo, na kwa mrithi utaona namba 4 ambayo maana yake ni malipo yaliyotokana na kifo. Angalia hiyo 4 iwepo. Mtu akichukua hela ya kustaafu kabla ya miaka 59 na nusu mara nyingi anaongezewa kodi ya asilimia 10, lakini malipo ya kifo hayaguswi na hiyo adhabu, hata kama mjane ana miaka 34. Wakikosea wakaweka 1 badala ya 4 utasumbuliwa bure.

Boksi 2a yangu haina kitu. Maana yake sidaiwi?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapoteza hela, kwahiyo nitakaa hapa kidogo.

Ukiona 2a tupu angalia 2b pembeni, utakuta wameweka alama kwamba kiasi cha kutozwa hakijapigwa hesabu. Yaani wanakwambia piga mwenyewe. Wengi wanafanya moja ya mawili, wanaandika sifuri, ambalo ni kosa, au wanaandika boksi 1 yote, ambalo pia mara nyingi ni kosa ila kosa la kujiumiza mwenyewe. Kwanini? Kwasababu marehemu alipokuwa kazini alikuwa anakatwa michango yake, na kwenye mifuko mingi mchango ule alikatwa kutoka kwenye mshahara ambao ulishatozwa kodi. Ile hela ikirudi sasa kidogo kidogo ndani ya pensheni haitakiwi itozwe mara ya pili. Kila mwezi kuna kipande chako ambacho ni safi.

Mume wa shangazi alikuwa dereva wa mabasi ya halmashauri ya mji mmoja kule. Alianza pensheni Januari 2009, yeye ana miaka 62, shangazi 58. Alichagua ile pensheni ambayo akifa mke anaendelea kulipwa. Alipofariki Agosti 2021 shangazi akawa anapata dola 1,200 kwa mwezi, kwa mwaka 14,400, na mtu wa kwanza kumpigia hesabu akaziweka 14,400 zote kama za kutozwa. Mimi nikauliza, michango ya mzee ilikuwa kiasi gani? Hakuna anayejua. Fomu za miaka ya karibuni hazisemi, maana jumla ya michango inakaa boksi 9b na mfuko haulazimiki kuirudia kila mwaka. Tukaanza kupekua. Tumepekua kabati, tumepekua mabegi, mwishowe shangazi akakumbuka lile tranka la bati alilorudi nalo, chini kabisa ya vitenge kuna bahasha ya kaki imeliwa pembeni na mende, ndani barua ya 2009 ya mfuko: michango ya mwanachama dola 39,600. Shangazi akakaa chini akasema "huyu mzee, kumbe aliiweka kwa ajili yangu". Sijui kama ni kweli aliiweka kwa ajili hiyo ila mende wangemaliza ile kona tu ya pili tusingesoma kitu.

Sasa hesabu yenyewe, inaitwa njia rahisi na kwa kweli ni rahisi, ni ya pensheni zilizoanza baada ya tarehe 18 Novemba 1996. Pensheni ya watu wawili, yaani ya mstaafu na mwenza wake, unajumlisha umri wao siku ilipoanza. Jumla ikiwa 110 au chini unagawa michango kwa miezi 410, ikiwa 111 mpaka 120 ni 360, 121 mpaka 130 ni 310, 131 mpaka 140 ni 260, ikizidi hapo ni 210. Wao 62 na 58 ni 120, kwahiyo 39,600 gawa kwa 360 unapata dola 110. Hiyo 110 ndiyo kipande safi cha kila mwezi, mwaka ni 1,320. Basi 14,400 toa 1,320, ya kutozwa ni 13,080.

Vitu viwili watu wanaviruka hapo. Cha kwanza, hiyo 110 haibadiliki. Mzee alikuwa anapata zaidi ya shangazi lakini kipande chake safi kilikuwa 110, na cha shangazi ni 110 hiyohiyo, hupigi hesabu upya kwa umri wa mjane wala pensheni ikiongezwa hakiongezeki. Cha pili, kina mwisho. Jumla ya vipande vya mzee na vya shangazi ikifika 39,600 inaisha, na kuanzia hapo pensheni yote inatozwa. Kwao ni miezi 360 tangu Januari 2009, kwahiyo Desemba 2038.

Na kama alikufa bado yuko kazini, hajastaafu?

Hapo pensheni inaanza na wewe, kwahiyo unatumia umri wako peke yako siku ilipoanza kulipwa. Miaka 55 au chini gawa kwa 360, 56 mpaka 60 gawa kwa 310, 61 mpaka 65 kwa 260, 66 mpaka 70 kwa 210, 71 kwenda juu kwa 160.

Nimesikia kuna dola 5,000 za msamaha kwa mjane.

Zilikuwepo, kwa waliofariki kabla ya tarehe 21 Agosti 1996. Kila mwaka kuna mtu anakuja na hii kaisikia kwa binamu wa Houston. Kama mzee wako kafa juzi haikuhusu.

Naandika mstari gani kwenye fomu 1040, ile ritani yenyewe?

Pensheni ni mstari wa 5a na 5b. Jumla ya boksi 1 inaenda 5a, ya kutozwa inaenda 5b. Kama yote inatozwa unajaza 5b tu. Ikiwa ni akaunti ya IRA, yaani akiba binafsi ya kustaafu, ni 4a na 4b, Social Security ni 6a na 6b. Zuio la boksi 4 lina sehemu yake kwenye kodi zilizokwishalipwa, usilisahau.

Napata na Social Security ya marehemu pia. Hiyo nayo?

Hiyo inakuja na fomu yake, SSA-1099, na hapo unachukua boksi 5. Usichukue kilichoingia benki, kwasababu Medicare, bima ya afya ya wazee, inakatwa humo humo kabla. Kanuni yake ni ya ajabu kidogo: chukua nusu ya Social Security, ongeza mapato yako mengine yote, na riba hata ya fiksidi yako ya benki ya hapa Dar imo. Kama uko peke yako na jumla haivuki dola 25,000, Social Security haitozwi hata senti. Ikivuka inaanza kutozwa sehemu, ikivuka 34,000 inaweza kufika mpaka asilimia 85 yake kuhesabiwa kwenye mapato ya kutozwa, sio kwamba unakatwa asilimia 85, hapana, wazee wawili wamenipigia simu wakiwa na presha kwa kusoma vibaya hapo. Kwa wanandoa wanaojaza pamoja mipaka ni 32,000 na 44,000.

Shangazi anapata 13,200 ya Social Security. Nusu yake 6,600, jumlisha 13,080 unapata 19,680. Haijafika 25,000. Imepita.

Ile dola 255 ya mara moja wanayotoa mtu akifa haina kodi.

Niko nje ya Marekani, si kuna ule msamaha wa wanaoishi nje? Fomu 2555?

Ule ni kwa mshahara na biashara yako, yaani kipato cha jasho. Pensheni sio kipato cha jasho, ya kwako wala ya marehemu. Nimeshakutana na ritani iliyojazwa na mtu anayejiita mtaalam, ada kapokea laki tatu, pensheni yote kaisukumia kwenye 2555. Mama wa watu akapata barua miaka miwili baadaye na riba juu.

Nimepiga hesabu naona sidaiwi kitu. Basi niache tu nisijaze?

Soma boksi 4 kwanza kabla hujaacha!

Kwa mwaka 2025 mtu asiye na mwenza anapunguziwa dola 15,750 kabla kodi haijaanza, akiwa na miaka 65 au zaidi anaongezewa 2,000, na kuna 6,000 nyingine ya wazee iliyoletwa kwa mwaka 2025 mpaka 2028 kama kipato sio kikubwa. Shangazi na 13,080 zake hafiki hata 17,750, kwahiyo kodi yake ni sifuri, na kisheria halazimiki kujaza. Ndivyo alivyoambiwa kwenye msiba na ndivyo alivyokaa. Lakini mfuko ulikuwa unamkata zuio dola 80 kila mwezi, ni 960 kwa mwaka, iko pale boksi 4, na hairudi mpaka uiombe, na unaiomba kwa kujaza ritani.

Mlango wa kudai marejesho unafungwa baada ya miaka mitatu. Tulipojaza mwishoni mwa 2025 tukadaka 2022, 2023 na 2024, dola 2,880. Zuio la ile miezi minne ya mwisho ya 2021, dola 320, ndio imekwenda hiyo, tulichelewa. Shangazi mpaka leo akiniona ananiuliza "na zile mia tatu?"

Naweza kuwaambia wasinikate zuio?

Unajaza W-4P unaupelekea mfuko (usiupeleke IRS) na unapanga wakukate kiasi gani. Ila kama hela inatumwa moja kwa moja nje ya Marekani, huruhusiwi kukataa zuio kabisa. Wenye anwani ya makazi na akaunti kule ndio wanaweza kuchagua wasikatwe, akaunti peke yake haitoshi.

Alifariki katikati ya mwaka. Nimepokea fomu mbili.

Ndivyo inavyotakiwa. Moja ni yake ya mpaka siku ya kifo, ya pili ni yako ya baada ya hapo. Mwaka ule wa kifo bado mnaweza kujaza pamoja kama mume na mke, zote mbili zinaingia ritani moja, na viwango vya wanandoa ni vinono zaidi. Ukijaza kwenye karatasi unaandika juu kwamba mmoja amefariki, jina na tarehe. Miaka miwili inayofuata unaweza kutumia viwango vya wanandoa kama unaishi na mtoto wako anayekutegemea, ila mtoto lazima afae kuwa tegemezi kwa sheria yao, na mtoto wa hapa Dar ambaye sio raia wala mkaazi wa Marekani hafai. Hili linauma watu ila ndivyo lilivyo.

Hela za mwezi aliofariki ziliingia, tukazitumia kwenye mazishi.

Social Security hailipi mwezi wa kifo. Kafa tarehe 30, mwezi huo haupo, watazidai na mara nyingi wanazivuta wenyewe benki. Kwahiyo kabla ya kununua ubani na mchele piga simu kwanza. Mifuko mingine ya pensheni ina utaratibu wake, ipo inayolipa mpaka siku ya kifo.

Mashemeji wanasema pensheni ni mirathi, wanataka tugawane. Na kodi nayo tugawane?

Hili swali linakuja na machozi kwahiyo najibu kwa adabu. Pensheni ya mwezi ya mjane hailipwi kwa mirathi. Mfuko unamlipa mtu aliyetajwa au anayetambuliwa na masharti yake, haipiti kwa msimamizi wa mirathi wala kwenye hukumu ya Mahakama ya Mwanzo. Ukiamua kwa moyo wako kumpa mama mkwe dola 200 kila mwezi, Mungu akubariki, lakini kwenye ritani ni zako zote, kodi ni yako yote, huwezi kuandika kwamba 200 ni za mama mkwe. Waambie wifi na shemeji hivyo kabla hamjakubaliana mgao, maana mgao unapangwa kwenye boksi 1 wakati mkononi unabaki na kidogo.

Tofauti ni kama marehemu hakutaja mtu na malipo yakaenda kwenye mali ya marehemu. Hapo ndio msimamizi anahusika na ritani ya mirathi, fomu 1041. Na kama wametajwa watu watatu, kila mmoja anapata 1099-R yake na kila mmoja ajibebe.

Mtoto wangu naye analipwa. Nijumlishe kwangu?

Hapana. Ya mtoto ni ya mtoto hata kama inaingia akaunti yako na wewe ndio unanunua daftari. Ukijumlisha Social Security yake kwenye yako unaweza kujivusha ile 25,000 bure. Ila ujue kipato cha mtoto kisicho cha jasho kikizidi dola 2,700 kwa mwaka 2025 kinaweza kutozwa kwa kiwango cha mzazi.

Waliniambia nichague mkupuo au niiache kwenye akaunti ya kustaafu, 401(k) (ya kupitia mwajiri) au IRA.

Mkupuo wote ukiuchukua mwaka mmoja, wote unaingia kwenye mapato ya mwaka huo na unaweza kukurusha kiwango cha juu na kuamsha kodi ya Social Security kwa mpigo. Mjane au mgane anaruhusiwa kuihamishia kwenye IRA yake mwenyewe bila kodi, inaripotiwa kwenye ritani lakini kwenye mstari wa kutozwa ni sifuri. Mtoto mkubwa au ndugu hana hiyo ruhusa, na kama marehemu alifariki 2020 au baadaye, kwa kawaida lazima akaunti iwe imeisha ndani ya miaka 10. Usisubiri mwaka wa kumi uchukue yote. Bima ya maisha ni kitu kingine, yenyewe haitozwi, riba yake tu ndio inatozwa.

Marehemu alikuwa jeshini kule.

Kuna malipo mawili yanafanana. Pensheni ya mrithi wa mstaafu wa jeshi, ile SBP, inatozwa na ina 1099-R. Malipo ya DIC yanayotoka idara ya maveterani hayatozwi na wala huyaandiki popote. Zamani ukipata DIC walikupunguzia SBP, tangu Januari 2023 unapata zote kamili, kwahiyo wajane wengine SBP yao iliongezeka na kodi ikaongezeka nayo wakabaki wanashangaa.

Mimi sio raia, sina grini kadi, niko zangu Buguruni. Mume wangu ndio alifanya kazi kule.

Wewe 1099-R sio yako, utapata 1042-S, ambayo tarehe yake ni 15 Machi, na ritani yako ikihitajika ni 1040-NR. Zuio la kawaida ni asilimia 30. Social Security wanatoza hiyo 30 juu ya asilimia 85, kwahiyo katika kila dola 100 zinaondoka 25.50, na karatasi yake ni SSA-1042S. Tanzania haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, Afrika wanao Misri, Morocco, Tunisia na Afrika Kusini, kwahiyo ukisikia jirani wa Cairo kapunguziwa usilinganishe. Vile viwango vya kupunguziwa vya shangazi wewe huna. Utahitaji namba, kama huna ya Social Security unaomba ITIN (namba ya mlipa kodi) kwa fomu W-7, na mlipaji atakutaka ujaze W-8BEN.

Kama kilichokatwa ndio kodi yote, mara nyingi hulazimiki kujaza kitu. Lakini kama pensheni imetokana na kazi iliyofanyika ndani ya Marekani kwenyewe, kabla hujakubali hiyo 30 kaa na mtu anayeijua 1040-NR, kuna sehemu inaweza kupigwa kwa viwango vya kawaida vya chini. Na kwa Social Security kuna sharti jingine kwa warithi wasio raia wanaoishi nje, kwa kawaida uwe uliishi Marekani miaka mitano ukiwa mke wake. Wengi waliobaki Dar wakati mzee yuko kule wanakwama hapo, kabla hata ya kufika kwenye kodi.

Mimi ni raia wa Marekani lakini mafao ya warithi napata NSSF, au PSSSF.

Yanaripotiwa Marekani pia, mstari uleule wa 5a na 5b, japo hakuna 1099-R itakayotoka hapa. Tunza barua na stetimenti, geuza kwa dola ukitumia kiwango cha wastani cha mwaka. Halafu kuna ile ya akaunti: jumla ya akaunti zako zote za nje ya Marekani ikivuka dola 10,000 hata kwa siku moja, unaripoti FBAR, fomu 114, ambayo haiendi na ritani, inatumwa peke yake mtandaoni. Mkupuo wa mafao ukitua CRDB asubuhi ukatoka jioni kwenda kununua kiwanja Kigamboni, siku imeshahesabiwa.

Na TRA?

Mkaazi wa Tanzania anaangaliwa mapato ya ndani na ya nje kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004. Beba 1099-R na ritani yako ya Marekani nenda ofisi ya TRA ya wilaya ukaulize kwa maandishi upate jibu kwa maandishi. Usikubali jibu la dirishani tu.

Mwisho lini?

15 Aprili. Anayeishi nje anapewa mpaka 15 Juni bila kuomba, na kwa fomu 4868 mpaka 15 Oktoba. Lakini kama unadaiwa, riba inaanza kuhesabiwa Aprili palepale.

Fomu haijafika, sanduku la posta nimeangalia mpaka nimechoka.

1099-R inatakiwa itumwe mpaka mwisho wa Januari, ila kutoka kule mpaka boksi lako la Posta Mpya inaweza kuchukua hadi Pasaka. Mifuko mingi ina akaunti ya mtandaoni, ingia udaunlodi uende steshenari uprinti kwa mia mbili. Ikishindikana kabisa kuna fomu 4852 ya kujaza badala yake, unatumia stetimenti zako za malipo.

Nimegundua miaka yote nimejaza pensheni nzima bila kutoa michango. Imekula kwangu?

Sio yote. Unarekebisha kwa 1040-X, miaka mitatu ileile. Ila utahitaji ile namba ya michango, kwahiyo andikia mfuko leo uwaombe jumla ya michango ya mwanachama na tarehe pensheni ilipoanza, na wakati unasubiri jibu kafungue tranka.